Bwawa la Mzee Dukicha Linanuka

Mzee Dukicha huamka mapema. Zamani alienda zizini. Sasa zizi ni tupu. Ukame ulimaliza ng'ombe karibu wote, akabaki na mtamba mmoja. Huyo naye akamuuza, akachimba bwawa nyuma ya nyumba, hapa karibu na kijiji cha Hewani, akanunua samaki wadogo wa kufuga.

Asubuhi moja samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi.

"Hawo! Hii samaki iko na njaa," alimwita mkewe.

"Si jana walikula?"

"Ng'ombe ikilegea, unapea majani. Lete pumba."

Akamwaga pumba. Akaongeza ugali wa jana. Kesho yake walikuwa juu tena, akaongeza zaidi. Mzee huyu si mchoyo, na hilo ndilo lililowaponza samaki.

Baada ya siku chache maji yalinuka. Samaki wengi walielea, matumbo juu. Hawo aliwazoa kwa karai huku akilia.

"Kwanza ng'ombe, sasa hawa. Tutauza nini sokoni Garsen, Baba Gollo?"

Mzee alimpokea karai, akaenda kuwafukia.

Harufu ilimleta jirani yao Mwanaarusi, mkulima anayefuga samaki kando ya mto. Aliteka maji kwa kiganja, akanusa.

"Mzee, hawa hawakuwa na njaa. Wakipanda juu alfajiri, wanatafuta hewa. Chakula kilichobaki na mavi yao huoza, na uozo humaliza hewa majini."

Dukicha alikaa chini kwenye tope.

"Ng'ombe yangu ilikufa na njaa," alisema. "Hii nimeua mimi, na shibe."

"Wengine bado wazima. Leo usiwape kitu. Tutoe uozo, tubadilishe sehemu ya maji, kisha tutengeneze chujio."

Walipata pipa kuukuu la plastiki, lisilowahi kuwekwa dawa ya wadudu. Mwanaarusi alilitoboa ubavuni, karibu na chini, akachomeka kipande cha bomba. Ndani waliweka mawe, juu yake kokoto, kisha mchanga wa chembe kubwa uliooshwa. Juu kabisa waliweka sponji ya godoro bovu. Wakaliinua pipa juu ya matofali, bomba likaelekea bwawani. Dukicha aliteka maji ya bwawa, akamimina. Mwanzo yalitoka machafu, kisha yakaanza kutakata.

"Yakianguka hivyo yanaingiza hewa," alisema Mwanaarusi. "Mimina asubuhi na jioni. Sponji ikiziba, isuuze kwa maji ya bwawa ndani ya karai, uchafu umwage shambani."

"Nitaisugua na sabuni," alisema Hawo.

"La, dada! Humo kuna vijidudu vizuri vinavyokula uchafu. Sabuni itaviua. Na chakula, wape kile wanachomaliza papo hapo."

Samaki waliobaki walikuwa wachache. Mgongo wa Dukicha uliuma kwa kuteka, lakini maji hayakunuka tena. Siku moja aliona midomo juu ya maji. Mkono ukaenda kwenye pumba. Akaurudisha, akashika ndoo.

Siku ya kuvua, walipeleka samaki Garsen. Mmoja alibaki nyumbani. Walipokuwa na ng'ombe, samaki hakuwa chakula chao, na Hawo hakuwahi kumpika katika sufuria yake. Huyo alimpika, akakaa mbele ya sahani kwa muda mrefu.

"Bismillahi," alisema, akala.