Mpangaji Ndani ya Seva

Adabu ndiyo iliyoanza kumtia Fundi wasiwasi.

Barua pepe ilikuwa imetoka mapokezi, kwa jina la mdogo wake, kwenda kwa mteja aliyekuwa akilalamikia mpaka wa kiwanja. "Tunakuomba radhi kwa dhati ya moyo. Tumepokea ombi lako na tunalifanyia kazi." Sasa mdogo mtu huyo ofisi nzima ilimwita Chiriku, na mumewe pia, kwa kuwa mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Hata akiandika aliandika kama anavyosema, bila nukta wala salamu, na mteja akiuliza habari za ramani hukosi kumkuta anamwambia na habari za kiatu kinachombana. Dhati ya moyo haikuwahi kukanyaga meza ile.

"Wewe ndiye uliyemjibu huyu?" Fundi akamuuliza.

"Yule wa mpaka? Dada, yule nimemwacha apoe kwanza. Ukimjibu mtu na hasira zake za asubuhi, mnakuwa wajinga wawili."

"Basi kamjibu nani?"

"Labda Mkurugenzi."

Wakatazamana, wakacheka. Mkurugenzi alikuwa hajapata kumwomba mtu radhi tangu afungue ofisi, na barua pepe alizisoma kwa kuchapishiwa.

Ilikuwa ofisi ya wapima viwanja, ghorofa moja juu ya duka la rangi. Fundi alikuwa amesomea mitandao chuo kikuu, akahitimu vizuri tu, na sasa aliitwa hata birika likigoma kuchemka. Seva ya barua aliiweka stoo, ukuta mmoja na choo, kwenye kompyuta kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa ameunda kompyuta nyingine, isiyo na chuma wala waya. Alimweleza Mkurugenzi kwamba ni kama kuwa na nyumba kubwa, halafu ndani yake ukajenga nyumba ndogo kwa hesabu tupu, bila tofali, barua zote zikaishi humo. Mkurugenzi alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama hakuna ya bei nafuu zaidi.

Siku ya kuijenga, mashine ilimuuliza: mwenye nyumba nani? Swali hilo lina jibu lake la kitaalamu, na Fundi alilijua. Lakini alikuwa ameshinda na njaa, mgongo unamuuma, na Chiriku ameketi juu ya boksi la karatasi akipiga soga.

"Niandike mimi," Chiriku akasema. "Na mimi niitwe mwenye nyumba. Kule kwangu hata kabati si langu."

Akamwandika. Jina lote, lile la kuzaliwa, ambalo watu wengi pale ofisini hawakulijua.

Baada ya ile barua ya adabu zikaja nyingine. Zilijibiwa jioni, ofisi imefungwa, kwa Kiswahili cha kupigwa pasi, na wateja wakafurahi. Mkurugenzi akamsifu Chiriku mbele ya watu. Chiriku, ambaye hajawahi kukataa sifa, akazipokea.

"Kwani ningesema nini?" alimwambia dada yake pembeni. "Mtu akikuokotea mzigo unamuuliza jina?"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Unamuuliza."

Kisha mteja mmoja akaulizia ukubwa wa kiwanja chake. Akajibiwa vipimo sawasawa, na chini yake mstari mmoja zaidi: "Changu mimi ni kidogo na hakina dirisha, ila mwenye nyumba wangu ni mwema."

Fundi aliusoma mstari huo akiwa amesimama stoo. Ndipo akagundua harufu. Wanasema majini huja na mawaridi, kama wageni waungwana. Hii haikuwa mawaridi. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi na mtu akiwa ndani. Na feni ya ile kompyuta kuukuu, ambayo siku zote ilivuma mfululizo, sasa ilivuta, ikatulia, ikashusha, ikatulia, kama mtu aliyelala chali.

Fundi hakuwa mtu wa majini. Alikuwa amewaona watu wazima wakimsingizia shetani mambo waliyoyafanya wenyewe saa nne asubuhi, jua linawaka. Akaamua ni mwizi wa mitandaoni. Akabadilisha maneno ya siri yote, na ili asiache hata unyayo wa mgeni, akaamua kuirudisha seva ilivyokuwa jana. Maana nyumba ya hesabu ina raha moja ambayo ya tofali haina: unaweza kuipiga picha ilivyo, na siku ikiharibika ukaiambia irudi kwenye picha, ikarudi, na yote yaliyotokea katikati yakawa hayakutokea. Fundi alikuwa na mazoea ya kuipiga picha seva yake kila jioni, kama wengine wanavyohakikisha wamezima jiko.

Asubuhi ya siku hiyo Chiriku alikuja kazini na jeraha. Usiku aliungua kiganja kwa pasi, na Fundi ndiye aliyemfunga bandeji kwa mkono wake. Mchana Fundi akairudisha seva kwenye picha ya jana. Alipotoka stoo, Chiriku alikuwa anachapa kwa mikono miwili, mitupu.

"Bandeji iko wapi?"

"Bandeji gani?"

"Ya pasi. Nionyeshe mkono."

Chiriku akaufungua mkono. Kiganja kilikuwa laini, chekundu kidogo kwa kuegemea meza, basi.

"Dada, umelala kweli jana?" akamuuliza kwa huruma. "Maana hata mimi sijui leo ni siku gani, kwangu mimi ni kama jana haikupita."

Uchovu ni wakili hodari, humtetea mtu mbele ya macho yake mwenyewe. Fundi akajiambia labda ilikuwa ndoto, labda alimfunga mtoto wa jirani, labda anahitaji miwani. Akaenda kulala mapema.

Haikupita wiki umeme ukakatika ghafla, na uliporudi seva haikuamka. Mkurugenzi akasimama mlangoni pa stoo, hawezi kuingia kwa sababu ya harufu, akidhani ni ya choo.

"Fundi, nina wateja."

"Najua, bosi."

"Si una mapicha yako? Rudisha."

"Picha za karibuni zimeharibika. Nzima ni ya wiki iliyopita."

"Basi ya wiki iliyopita si mbaya. Wiki hii nani kafanya cha maana?"

Wiki hiyo ndiyo waliyomzika shangazi yao, aliyewalea baada ya mama yao. Fundi aliusogeza ule mshale wa skrini, akausimamisha hapo. Alimkumbuka Chiriku na kiganja chake. Lakini Mkurugenzi alikuwa anagonga fremu ya mlango kwa kidole, na kumwambia mtu kama yule kwamba unaogopa picha ni kuomba kuitwa mwendawazimu kwenye kikao cha wafanyakazi wote. Akabofya.

Saa tisa Chiriku alichukua mkoba wake mapema.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi. Nampelekea dawa yake, nilimwahidi. Jana kifua kilimsumbua sana, maskini."

Fundi akamshika mkono, akamketisha kwenye boksi la karatasi, akafunga mlango. Akamwambia. Hakuna kazi duniani kama kumfiwisha mtu mara ya pili kifo kile kile, naye anakutazama kama wewe ndiye uliyemuua. Chiriku alilia kama hajawahi kulia, maana hakuwahi. Na nyuma yao ile feni ikavuta pumzi, ikaizuia, ikasubiri, kama mtu anayesikiliza kwenye mlango wa jirani.

Usiku huo shemeji alipiga simu. Alinong'ona.

"Shemeji, mdogo wako huyu... mke wangu. Amelala macho wazi. Anasema, lakini si maneno yake. Anasema tu, tunalifanyia kazi, tunalifanyia kazi."

Basi Fundi akamtafuta tabibu wa majini kwa njia ile ile ambayo watu wenye shahada humtafutia: alimwambia rafiki yake kwamba ni kwa ajili ya jirani.

Tabibu alikuja Jumamosi mchana, ofisi tupu. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye magoti mabovu, na alipanda ngazi akizilaani moja baada ya nyingine.

"Lifti hamna?"

"Hamna, mama."

"Majini yenu yangekaa chini basi. Haya. Anakaa wapi?"

"Ndani ya kompyuta," Fundi akasema, akaona aibu. "Ndani ya kompyuta iliyo ndani ya kompyuta."

"Mpangaji wa chumba cha ndani," tabibu akasema, kama aliyesikia habari za kawaida. "Na mwenye nyumba ni nani?"

Fundi akamtazama Chiriku, aliyekuwa ameketi kimya. Kimya chake ndicho kilichokuwa kinatisha kuliko yote. Akaeleza lile swali la mashine na jibu aliloipa. Tabibu akaguna.

"Nyumba tupu, haina mtu, halafu umeiandika jina la mtu hai, lile aliloitwa akizaliwa. Angekosaje kuingia? Sasa ukiirudisha nyumba nyuma, na mwenye nyumba anarudi. Siku moja mtairudisha mpaka kabla hajazaliwa." Akaketi. "Utalifuta jina lake humo. Halafu utaibomoa nyumba yote, kwa mkono wako. Uliyejenga ndiye unayebomoa."

"Barua zote za ofisi zimo humo."

"Kazi utapata nyingine, mwanangu. Mdogo utampata duka gani?"

Fundi akaketi mbele ya skrini. Tabibu akaweka kiganja juu ya utosi wa Chiriku, akaanza kusoma, sauti ya chini, ya uchovu, kama mama anayembembeleza mtoto wa tano. Harufu ikapanda. Chiriku akafumbua kinywa.

"Tunashukuru kwa kuwasiliana nasi," akasema, kwa sauti tulivu isiyo na umri.

"Toka," tabibu akamwambia.

"Tumepokea ombi lako."

"Nimesema toka. Si nyumba yako."

"Tunakuomba radhi kwa dhati ya moyo, lakini tumezoea."

"Futa jina," tabibu akamwambia Fundi bila kugeuka, na Fundi akalifuta, herufi baada ya herufi, na kila herufi ilipotoka mdogo wake alishtuka kana kwamba anang'olewa jino, na feni ikaacha kupumua ikaanza kulia, sauti nyembamba inayopanda, na taa ya stoo ikafifia ikawa nyekundu, na maboksi ya karatasi yakasogea yenyewe sakafuni kana kwamba mtu mwenye mabega mapana anapita katikati yake akitafuta mlango, na Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa akihakikisha mambo mara mbili kabla ya kuyafanya, hakuhakikisha kitu, akabonyeza futa, na mashine ilipomuuliza kama ana uhakika akabonyeza ndiyo, na ilipomuuliza tena akabonyeza ndiyo kwa ngumi.

Kimya.

Chiriku alikuwa amelala sakafuni. Kisha akakohoa.

"Nani kaniweka chini na gauni hili?" akasema. "Dada, nipe maji. Na wewe mama, samahani, mkono wako mzito kama tofali. Halafu kiganja kinaniuma."

Kiganjani palikuwa na kidonda cha pasi, cha siku kadhaa, kinaanza kupona. Fundi akamuuliza kwa woga kuhusu shangazi. Chiriku akainamisha kichwa. "Si tumemzika, dada," akasema polepole, na Fundi akamkumbatia, akalia kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Tabibu akasindikizwa ngazini, akizilaani tena. Chiriku akaenda mapokezi kumpigia mumewe simu, na mdomo wake ukasikika mpaka stoo: gauni, tofali, njaa, kwa nini hujanunua mkate. Fundi alikaa akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi. Halafu, kwa kuwa hakuna fundi anayeondoka bila kukagua, akaifungua ile kompyuta kubwa atazame kama kumebaki kitu.

Nyumba haikuwapo. Barua hazikuwapo. Picha zake zote za jioni hazikuwapo. Ilibaki picha moja, ambayo hakuipiga yeye. Ilipigwa mchana ule ule, wakati tabibu anasoma. Uzito wake ulizidi barua za ofisi nzima tangu ianze, mara nyingi. Na juu yake liliandikwa jina la kuzaliwa la mdogo wake.

Pembeni palikuwa na vitufe viwili, kama kawaida. Rejesha. Futa. Cha kwanza alijua kinafanya nini. Cha pili hakuna aliyejua kitamfanya nini yule anayecheka mapokezi. Fundi akatazama vitufe vile mpaka macho yakamwasha, kisha akazima skrini, taratibu, kama anayefunika kitanda cha mtoto.

Mkurugenzi alifoka kuhusu barua zake kwa siku nyingi, mwisho akakodi huduma ya nje, akanunua na kompyuta mpya. Ile kuukuu akaagiza ikatupwe. Fundi akakataa. Hakutoa sababu, alikataa tu, na kwa kuwa ni yeye pekee aliyejua kulirekebisha birika, wakamwachia. Aliinunulia betri ya akiba kwa pesa zake. Umeme ukikatika hukimbia ngazi zile. Alipata kazi nzuri zaidi mtaa wa pili, hakwenda. Likizo hachukui. Wenzake wanasema amezeeka ghafla, na kwamba mwanamke msomi namna ile kulinda kopo bovu ni ajabu.

Kila asubuhi huiwasha skrini, akaitazama ile picha, akaizima. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba picha ikishapigwa haibadiliki, uzito wake ni ule ule mpaka kiama. Na ilibaki vile vile, miezi, hata Fundi akaanza kulala usingizi wa kweli.

Mpaka asubuhi Chiriku alipomvuta kando, akamnong'oneza, kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa maneno machache: "Dada, nina mimba."

Fundi akamkumbatia, akamwambia maneno yote yanayostahili. Kisha akaenda stoo, akafunga mlango nyuma yake, akawasha skrini.

Picha ilikuwa imeongezeka uzito.