Kisasi cha Damu Iliyopoa

Ngumi ilishapanda. Jamaa mmoja mpana wa mabega alikuwa amemkaba mwenzake kooni kwenye ngazi za kituo cha garianga, kisa kukanyagwa kiatu, na wapenda kuona walishajisogeza karibu huku wakijifanya wanapita. Mara nyuma ya sikio la yule mpana pakawaka nuru ya samawati, ndogo kama punje ya mtama. Ngumi ikalegea. Vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine.

"Samahani, kaka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Huo mzigo wako unaonekana mzito. Nikusaidie?"

Watu wakatawanyika wamenuna, maana hakuna uhondo unaoudhi kama ugomvi uliokatwa njiani.

Ndivyo kilivyofanya kazi kitulizi, na ndivyo Mzizima Mpya ulivyopata sifa ya kuwa mji usio na makelele. Kilikuwa kipunje cha madini na chembe hai, kinachopandikizwa chini ya ngozi. Kiliionja damu saa zote kama mpishi aonjavyo mchuzi: sukari imeshuka, moyo unakimbia, hamu ya pombe imeamka, hasira inapanda. Kikishaonja, akili mnemba iliyomo ndani yake hudondosha tone la dawa, na mwenyewe hupoa. Asubuhi kilinong'ona sikioni: kunywa maji, tembea, kula kabla njaa haijakuchagulia chakula. Wengi hawakuisikiliza minong'ono hiyo. Ya nini kuhangaika na mazoea mema na tone lipo?

Siwema Kondo alikuwa amesimama ngazi ya juu. Hakumtazama mpigaji wala mpigwaji. Aliitazama ile nuru. Ndiyo iliyokuwa ikiwaka nyuma ya sikio la kaka yake, Mwinjuma, siku aliyokufa.

Mwinjuma alikuwa mfunga mizigo bandarini, chini ya winchi zinazojiendesha. Alikuwa mnywaji, tena mwenye mkono mwepesi, na kwa hiari yake mwenyewe alikwenda kupandikizwa kitulizi ili aache. Akaacha kweli. Kisha siku moja kontena likaponyoka juu ya kichwa chake. Wenzake walipiga mayowe wakakimbia. Mwinjuma aliangalia juu, moyo ukamruka kama wa kiumbe yeyote aonaye mauti, na kitulizi kikadhani ni hasira. Kikampoza. Akabaki pale pale, anatabasamu.

Baraza la uchunguzi lilimwita Injinia Paschal Luhende, aliyekibuni. Naye alikuwa nacho nyuma ya sikio. Akasema marehemu alikuwa amelewa. Alisema polepole, bila jasho, na kioodamu cha ukutani, ambacho husoma kitulizi cha msemaji, chenye kuhifadhi kila neno lake pamoja na hali ya damu yake, kikang'aa samawati: mkweli. Sheria ya mji ilishaamua kwamba mwongo hutetemeka. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mwongo akiwa na kidude cha kumzuia kutetemeka.

Siwema aliuliza. Ila aliuliza kwa kigoda. Kilimpata Injinia begani, na kesi ikageuka. Aliyeua akatoka na mkewe kwenda kula chakula cha mchana. Aliyefiwa akapandikizwa kitulizi kwa amri ya baraza.

Kuanzia hapo akawa mateka wa mdomo wake mwenyewe. Alipokutana na Luhende sokoni alikusanya matusi yote ya mtaa, akayapanga, akafungua kinywa. Nyuma ya sikio pakapata joto. "Habari za asubuhi, Injinia," akajisikia anasema. "Na mama hajambo?"

Luhende alicheka kwa huruma. "Unaona, dada? Umepona."

Alikwenda moja kwa moja kwa shoga yake Mashavu, ambaye nyumba yake haikuwahi kupungua watu. Huyu anasukwa, yule anamenya viazi, mwingine amekuja kuazima ungo na habari za jirani zikamkalisha. Siwema akakaa kwenye jamvi, akavuta soda na kashata, akala kama anayelipiza kwa meno.

"Nimemsalimia," akasema. "Nimemuulizia na mama yake!"

"Sasa mama wa watu kakukosea nini?" Mashavu akadakia. Jamvi zima likacheka. Hata Siwema alitaka kucheka, lakini akatafuna.

Mama yake Luhende, Bi Nyamizi, alikaa mtaa huo huo. Alikuwa Mnyamwezi, Siwema Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Kila wakikutana walitukanana hadi machozi ya kicheko yawatoke, na mtani hanuni. Siwema alimpenda yule bibi kuliko baadhi ya shangazi zake.

"Nataka baraza lifungue kesi upya," akasema. "Nilikwenda jana. Wanasema ushahidi wa damu haufutwi. Labda Luhende mwenyewe aseme kinyume kwa ulimi wake."

"Na wewe ukimkaribia unageuka malaika."

"Ndiyo."

Mashavu akaiangalia ile soda, akaziangalia zile kashata. "Shoga, hebu nikuambie, na usinirushie kitu. Wewe hukuanza kuwa na hasira juzi. Hunywi chai asubuhi, unashinda unashona hizo bitana za mavazi ya wanaanga kwa tumbo tupu, jioni unajishindilia sukari, usiku hulali. Mtu wa namna hiyo hata nzi akitua anamshitaki. Hicho kidude kinakuweza kwa sababu umekiachia mlango wazi. Kazi yake ifanye wewe. Uone kitamwaga tone la nini."

Maneno hayo yalimwingia. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, Siwema aliusikiliza mnong'ono. Akanywa maji kabla ya kitu kingine. Akala kiporo cha mihogo na maharage huku amekaa, siyo huku anatembea. Akatembea hadi kazini, garianga zikampita juu kwa juu. Hamu ya soda ilipomjia mchana hakugombana nayo. Aliinuka, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi hadi tumboni, akaitolea puani taratibu, akala tunda, hamu ikachoka kungoja. Siku nyingine ilimshinda, akala kashata nzima nzima hadi ulimi ukawasha. Kesho yake akaanza tena bila kujisuta, kwa sababu aligundua kujisuta nako kunamtia njaa.

Jioni ndipo palipokuwa na shughuli. Wanawake wa jamvini waligeuka walimu wake. Walimtukana.

"Siwema, hiyo pua ungeipangisha!"

"Mume alikukimbia, si alisema anakwenda kununua chumvi?"

Mwanzoni nuru iliwaka mpaka wakasema ataangaza ukumbi. Taratibu akajifunza kuisikia hasira ikiwa bado mgeni mlangoni: taya linakaza, viganja vinapata moto. Aliijua kwa jina, akaikaribisha, akaikalisha. Pakafika mahali Mashavu akakaza uso, akasema neno ambalo wengine hawakuthubutu: "Kaka yako alikuwa mlevi, na kafa kilevi."

Siwema akavuta pumzi, akaitoa. Nyuma ya sikio palikuwa na giza.

"Ongeza sauti," akasema. "Sijasikia vizuri."

Mashavu alishusha macho. "Shoga, sasa unanitisha. Zamani ukikasirika nilijua pa kukimbilia."

Kipupwe kilikuwa kimeanza Bi Nyamizi alipofariki. Siwema alilia nyumbani kwake, akamaliza, akanawa uso. Kisha akala vizuri, akanywa maji, akajifunga kanga kiunoni. Mashavu alimfuata hadi mlangoni.

"Unakwenda kuzika au unakwenda kwa Luhende?"

"Vyote."

"Usitie sumu kwenye utani, Siwema. Utani hauna mwenyewe. Ukiuharibu, unatuharibia wote."

"Wao walipotia sumu kwenye damu ya kaka yangu, walimuuliza nani?"

Makaburini roboti-mchimbaji alikuwa amekwisha kulinyoosha kaburi, kingo kama zimekatwa kwa uzi. Jeneza likaletwa. Katekista akafungua kitabu. Hapo Siwema akapenya katikati ya watu, akashuka kaburini, akajilaza chali. Roboti akahisi mwili wenye uhai ndani, akarudi nyuma, akazima. Umati ukaangua kicheko. Wazee wakapiga makofi. Hii ni haki ya mtani tangu zamani: analala kaburini, na maiti hazikwi mpaka aridhishwe. Kumvuta kwa nguvu ni mwiko. Kumkasirikia ni aibu.

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo!" akapaza sauti kutoka shimoni. "Leo mzigo wenu hautui!"

"Toka, Mzaramo mvivu!" mzee mmoja akajibu. "Umeona shimo umekumbuka kitanda!"

Luhende akasogea ukingoni. Alikuwa anazika mama yake, na uso wake ulikuwa mkavu, umelainika, nyuma ya sikio nuru haizimiki. Hakuwa amelia tangu msiba uingie. Watu walikuwa wakinong'ona kuhusu hilo.

"Haya, mtani," akasema. "Sema bei yako tumpumzishe mama."

"Pesa zako kachezee bao. Mimi nataka neno. Nani alimuua Mwinjuma?"

Kicheko kikapungua, kisha kikarudi kwa kusitasita. Katekista akakohoa. Luhende akatazama jeneza, akatazama watu waliokuwa wanamngoja. Katika utani anayechelewa kujibu ndiye aliyeshindwa, na anayenuna ndiye mchekwa wa mwaka mzima. Angejibu nini, mbele ya ndugu zake wa Tabora waliojaa pale?

"Mimi!" akasema kwa sauti ya kukoga. "Nilimuua mimi, na wewe ukizidi kulala humo nitakufukia!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Ulimuuaje, nawe hata kuku huwezi kuchinja?" Siwema akadakia kutoka shimoni.

"Kwa kitulizi! Si hakijui hofu ni ipi na hasira ni ipi? Maabarani panya wote walisimama wakimngoja paka, wanamtazama tu kama shemeji yao! Nikawaambia wakubwa, wakasema kiuzwe, nami nikasema kiuzwe! Haya, umeridhika? Toka!"

Siwema hakuwa ametaja panya. Hakuna mtu aliyewahi kutaja panya. Moyo wake ulitaka kuruka. Akaushika kwa pumzi, kama anavyoshikwa mtoto mkono barabarani. Nyuma ya sikio hapakuwaka kitu.

"Nimeridhika, mtani," akasema. "Nivute."

Luhende mwenyewe ndiye aliyemvuta. Bi Nyamizi akazikwa.

Asubuhi iliyofuata Siwema alikuwa barazani na malalamiko yake. Kitulizi cha Luhende kikasomwa, na maneno ya makaburini yakatoka yote, na damu yake ikiwa imetulia tuli. Kioodamu kikang'aa samawati. Ukumbi ukaguna.

"Ule ulikuwa utani!" Luhende akasema, taratibu, bila jasho.

Kioodamu kikang'aa samawati tena.

Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo aliyekuwa akikiamini kile kioo kama msahafu, alivua miwani. "Kauli mbili zinazopingana," akasema, "na zote ni kweli." Akamgeukia Siwema. "Basi tumuulize anayejua. Bi Siwema, huyu ni mtani wako?"

Luhende akageuka. "Waambie, mtani. Unajua mila. Ya kaburini hayatoki kaburini."

Ilikuwa haki ya Luhende kuomba, na ilikuwa wajibu wa mtani wake kuitikia. Siwema aliinuka. Alikuwa amelala vizuri, amekula, ametembea.

"Simjui huyu kama mtani," akasema. "Nilimuuliza swali, akanijibu."

Samawati.

Maabara ikapekuliwa, mabaki ya majaribio ya panya yakaonekana, jina la Mwinjuma likasafishwa, na Luhende akahukumiwa kifungo. Mwenyekiti akamuuliza mlalamikaji kama ana ombi lolote.

"Ninalo. Kitulizi chake kitolewe. Sasa hivi, nikiona."

Roboti-tabibu alikitoa kitulizi kwa mkato mmoja mdogo. Kwa muda Luhende alikaa vile vile. Halafu kidevu kikaanza kutikisika. Akatazama mikono yake kama vile ni ya mtu mwingine, akasema, "Mama," na kilio chote alichonyimwa mazikoni kikatoka kwa pamoja, kikamwangusha kwenye sakafu. Askari wawili walimwinamia. Watu waliangalia pembeni. Siwema hakuangalia pembeni. Alimtazama mpaka mwisho, akashiba, kisha akaenda zake.

Hakujuta. Kama ingerudi siku ile angelala kaburini tena. Ila habari haina miguu lakini haikosi nauli, nayo ilishamtangulia mtaani kwamba neno la utani sasa linafunga mtu. Nyumbani kwa Mashavu walimshangilia, wakampa nafasi nzuri jamvini, wakammiminia chai. Waliongea naye vizuri mno. Hakuna aliyeitaja pua yake.

Wakati wa kurudi alipita kwa Mzee Kasubi, muuza asali wa pembeni ya kituo, Mnyamwezi aliyekuwa akimwita nyani wa pwani tangu yeye binti mdogo, kila siku, mbele ya wateja, kwa sauti kubwa. Siwema alipunguza mwendo makusudi. Akaweka mkono mmoja kiunoni, kama ilivyo ada, akingoja tusi lake.

Mzee Kasubi alisimama. Akavua kofia.

"Habari za jioni, mama," akasema. "Karibu asali."