Gari Lisiloshushwa

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa magari, nami nayatoa kama nilivyoyapokea.

Kaka yake, ambaye alishirikiana naye gereji moja, alikuwa na gari kuukuu lenye kitanda ndani. Siku moja ya baridi aliwasha hita ya mafuta, akajilaza, moshi wake ukamzidi, asiamke tena. Baada ya mazishi mjane wake akamwambia fundi, "Shem, gari naliuza. Ila hilo dude la hita litoe kwanza."

Fundi hakulia mazishini, na siku hiyo pia hakuhisi kitu. Aliliinua gari, akatoa betri, akajisukuma chini gizani, tochi mdomoni. Alikata mpira wa mafuta, akafungua boliti nne, akaivuta ile hita. Ilikuwa nyepesi kama sufuria tupu.

Gereji ile ina sheria yake: kabla ya kushusha gari, unaligonga ubavuni mara mbili. Aliye chini au ndani hugonga mara moja, yaani, "Ngoja, bado nimo." Kukiwa kimya, unashusha.

Akagonga mara mbili, kwa mazoea tu.

Ndani kukagongwa mara moja.

"Shem," akauliza shemeji yake mlangoni, "umemwacha nani humo?"

Fundi akafungua gari, akamulika. Kulikuwa na kitanda, na tundu la hita, basi. Akafunga.

"Leo halishuki," akasema, kwa sauti ileile ya kuwapiga wateja danadana.

Miezi minane sasa gari liko juu. Kila asubuhi akifungua gereji huligonga mara mbili, na kabla hajaondoa mkono, hujibiwa.