Zawadi ya Marehemu

Rafiki yangu mmoja, mshonaji, alipeleka simu yake kwa fundi mchana kweupe. Mumewe alikuwa amempa simu hiyo kama zawadi mwaka mmoja kabla ya kufariki, na ndani yake mlikuwa na programu isiyofutika iliyokuwa ikimaliza chaji.

"Mama, hii haing'oki mpaka niifungue simu hadi kwenye kiini cha mfumo wake," fundi alisema. "Hapo utakuwa bosi wake."

"Fungua, mwanangu. Nimechoka kuwa mpangaji kwenye simu yangu mwenyewe."

Fundi alipomaliza, umeme ulikatika. Katika kibanda cha fundi, kisicho na dirisha na mlango umefungwa, ukabaki mwanga wa kioo cha simu tu. Programu ilikuwa na orodha ndefu ya sauti zilizorekodiwa chumbani kwa mshonaji na kutumwa kwa namba ya mumewe. Fundi alibonyeza moja. Sauti ya cherehani yake ikanguruma gizani, kisha mshonaji akasikia sauti yake mwenyewe akicheka na dada yake. Pembeni ya kila sauti paliandikwa: imesikilizwa. Hata kilio chake cha siku ya maziko ya mumewe kilikuwa kimesikilizwa mara tisa.

Simu ya marehemu ilikuwa kabatini kwa mshonaji tangu siku hiyo, haina betri.

"Kumbe hukuniamini hata siku moja?" mshonaji alinong'ona.

Mstari mpya ulijitokeza kwenye orodha, wa sekunde tatu. Pembeni yake pakaandikwa: imesikilizwa.