Amana Kinywani mwa Bibi Devleta

Sifa njema ni zake Aliyetupa ulimi wa kusema, akauzungushia meno mfano wa ua. Yaliyompata Bibi Devleta wa kijiji chetu cha Jasike, katika milima ya Bosnia, yalitushtua sote. Nayaandika ili yasimpate mwingine.

Bibi Devleta alikuwa na umri wa miaka sabini na minane. Kila asubuhi alichemsha kahawa, akachovya bonge la sukari kikombeni, akaliweka shavuni na kunywa kahawa juu yake. Ndivyo tunywavyo huku. Mtu alipofariki, wanawake walikusanyika nyumbani kwa wafiwa, na Bibi Devleta ndiye aliyewasomea Kurani. Sauti yake ilijulikana vijiji vitatu.

Siku moja ya vuli, akiwa matangani, alifika kwenye neno "sirata". Herufi ya kwanza ikatoka na mluzi. Akarudia. Mluzi ukazidi. Mwanamke mmoja aliinamisha uso kuficha kicheko. Bibi alifunga msahafu, akampa mwenzake, akatoka nje.

Tangu siku hiyo alikataa kusoma. Chakula chake kikawa supu tu; hata pita, mkate wetu wa tabaka uliojazwa viazi, hakuigusa.

"Mama, pita hii ya viazi nimekuokea wewe," alisema Advija, mke wa mwanawe Rasim. "Mbona huigusi?"

"Imekauka."

"Imekauka! Siagi inachuruzika mpaka viwikoni!"

"Basi ile wewe, kisha uoshe viwiko."

Advija alicheka. Kicheko kilikatika alipoliona karai la udhu. Maji aliyosukutulia bibi yalikuwa mekundu.

"Mama! Hii si damu?"

"Ni uzee, mwanangu. Chombo cha zamani huvuja."

"Twende kwa daktari wa meno."

"Meno yangu yalikwisha zamani. Haya ni ya bandia. Daktari ataniuguzia plastiki?"

Advija hakusisitiza. Yeye pia aliona ni kweli. Tena basi halifiki Jasike, na chumba cha daktari wa meno mjini kiko ghorofa ya tatu, hakina lifti. Magoti ya bibi yasingeziweza ngazi zile.

Jumanne ilipofika, Sista Zekira, muuguzi anayetembelea wazee majumbani, alikuja kumpima bibi shinikizo la damu. Advija akamnong'oneza habari ya karai. Sista akatoa tochi.

"Bibi, achama. Vizuri. Sasa yavue meno nione fizi."

Bibi akafumba mdomo. "Hayavuliwi."

"Hayavuliwi? Tangu lini?"

"Tangu niyavae. Miaka kumi na mmoja."

Sista Zekira alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwapo.

"Hata usiku, mama?" Advija aliuliza.

"Hata usiku. Ni amana ya Sabit."

Sabit alikuwa mwanawe wa kwanza, mjenzi huko Ujerumani. Mama yake alipomtembelea, Sabit alimlipia meno hayo, akamwambia: "Mama, usiyatoe haya. Nikirudi nataka nikukute unacheka." Hakurudi. Alianguka kutoka juu ya jengo kabla ya baridi kwisha. Mama akalishika neno lake kama wasia.

"Na sijayaacha machafu," bibi aliongeza kwa ukali. "Nasukutua mara tano kwa siku, kila nitawadhapo. Uchafu utoke wapi?"

"Maji ya udhu yanapita juu ya meno, bibi. Chini yake hayafiki." Sista aliushika mkono wake. "Meno ni amana ya mwanao, nakubali. Na fizi je, ni amana ya nani?"

Bibi Devleta ndiye aliyewafundisha wanawake wa kijiji kizima maana ya amana. Polepole akapeleka kidole kinywani.

Meno yaligoma kutoka. Yalikuwa yamegandamana na fizi kama gome na mti. Yalipobanduka, harufu ilijaa jikoni, na Advija akajiziba uso kwa kitambaa. Fizi ya juu ilikuwa nyekundu kama nyama mbichi. Pembeni palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu.

Uso wa Sista ulibadilika. "Kidonda hiki kina muda gani?"

"Tangu tulipokata nyasi za ng'ombe."

"Hiyo ni miezi mitatu! Bibi, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili lazima daktari akione. Huenda meno yanakwaruza tu. Huenda ni saratani. Kwa tochi yangu siwezi kutofautisha."

Kahawa ikafurika jikoni, ikazima moto, wala hakuna aliyeinuka.

"Nami nilidhani asiye na meno hana haja ya daktari wa meno," Advija alisema, akilia.

"Wengi hudhani hivyo. Daktari huyo hutazama kinywa chote: fizi, ulimi, mashavu. Asiye na meno naye atazamwe kila mwaka."

"Na ngazi zile?"

"Niachie mimi ngazi."

Sista alipiga simu. Siku ya tatu, Rasim, mumewe Advija, alimpeleka mama yake kwa gari. Daktari alishuka ghorofa ya chini, akampimia katika chumba cha sindano. Alikata kipande kidogo cha kidonda, kikapelekwa kuchunguzwa.

Siku kumi bibi alifunika mdomo kwa mtandio. Siku ya kumi na moja simu ikalia. Haikuwa saratani. Ukingo wa meno uliovunjika ndio uliomjeruhi, na kuvu ilikuwa imeota chini ya meno.

Alipewa dawa, na fizi zilipopona akatengenezewa meno mapya. Sista alimfundisha: "Yavue kila ulalapo. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, usitumie maji ya moto. Yalaze katika maji safi. Fizi na ulimi navyo uvisugue. Na bonge la sukari usilikalishe shavuni. Kuvu hulipenda kuliko wewe."

Imamu alisikia, akamwalika Sista uani mwa msikiti baada ya Ijumaa. Wazee kumi na wanne walifungua vinywa vyao. Tukashtuka upya. Mzee Hamdo alikiri kwamba anavaa meno ya marehemu kaka yake.

"Yalikuwa makubwa, nikayapiga tupa," alisema. "Tangu hapo nikila, naona kama anakula yeye."

Watu walicheka. Siku hiyohiyo wenye magari walipanga zamu za kuwapeleka wazee mjini. Zahanati ya mjini nayo ilitenga Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi kwa wazee, katika ghorofa ya chini.

Majira ya kuchipua, Bibi Devleta aliitwa tena kusoma. Alipofika kwenye "sirata", herufi ilitoka safi, na yule aliyecheka akafuta machozi.

Jioni, baada ya kula pita vipande viwili, bibi aliyatoa meno mbele ya wote, akayasugua, akayatia katika bilauri ya maji. Yale ya zamani alikuwa ameyahifadhi pamoja na barua za Sabit. Kisha akacheka, fizi tupu, mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja.

"Mama!" Advija alishangaa.

"Sabit alitaka anikute nacheka," bibi alisema. "Leo angenikuta."