Mlango wa Tano Kwenye Mafunjo

Mjinga wa siku ile alikuwa Ramani, na heri tulimalize hilo mapema, msomaji asije akapoteza muda kumtafuta mwingine. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta gatini akibandika viraka boti za wenzake, ukamuuliza, atakujibu bila kuinua kichwa: "Mjinga nilikuwa mimi. Yule mwingine alikuwa abiria."

Abiria huyo alikuwa shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, mfanyakazi wa ofisi ya wanyamapori. Alitumwa kuhesabu viboko waliobaki kwenye kinamasi, kwa sababu wenye boti walikuwa wameomba waje wawindaji wawamalizie. Safari ya kwanza ya wawindaji, miaka michache nyuma, gati zima lilisimama kuwashangilia, na Ramani alishangilia kuliko wote. Alikuwa na haki yake. Kiboko alipindua mtumbwi wa mjomba wake, na kilichorudi ni kasia tu. Kwa hiyo aliposikia anayekuja kuhesabu ni shemeji, alijitolea kumpeleka. Alitaka ahesabu upesi, aseme wapo wengi, mambo yaishe.

Jina la Ramani alijipa mwenyewe. Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi.

Sasa, wenye boti wa gati lile hawaangalii kinamasi, wanakihesabu. Mafunjo yamesimama kama ukuta, marefu kuliko mtu, na kila kipande kinafanana na chenzake. Penye mwanya wa maji panaitwa mlango. Ukitoka gatini unaufuata ukingo wa mafunjo na kuhesabu milango: huu unakwenda kwenye mashamba, ule haufiki popote, wa tano unakutoa upande wa pili asubuhi hiyo hiyo. Baba alimfundisha mwanawe hivyo, na mwanawe hakuwahi kuona sababu ya kutumia macho pale vidole vinapotosha. Ramani alikuwa hajapita mlango wa tano tangu mvua za mwaka juzi, lakini kuhesabu mpaka tano, alisema, hakuhitaji mazoezi.

Alikaa nyuma kwenye usukani, kampa shemeji hadithi, na kila mwanya ulipopita alikunja kidole. Kidole gumba kilipokunjwa, akakata kona.

"Dumu la maji liko wapi?" shemeji aliuliza.

"La nini? Tunakunywa chai upande wa pili."

Mfereji ulianza vizuri, ukapinda, ukabana. Mafunjo yakaanza kukwaruza mbavu za boti. Ramani akaongeza moto, kwa imani kwamba mbele patafunguka. Ndipo upepo ulipogeuka. Mafunjo ya pale mengi hayana mizizi chini. Yamefumana juu ya maji kama mkeka, na mkeka huo upepo ukiusukuma unakwenda. Walisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Shemeji akageuka nyuma. Mfereji waliouingilia haukuwepo tena. Injini ikakohoa, pangaboi lake likasokotwa na majani, kukawa kimya.

"Ramani."

"Naona."

"Mimi sioni kitu. Ndiyo maana nimekuita."

Ramani alichukua panga. Alikata mbele, alikata nyuma, akashuka juu ya mkeka wenyewe, ukayumba chini ya miguu kama godoro lililojaa maji. Shemeji naye akashuka kusukuma boti. Kila alichokikata kilizama kidogo, kikaibuka, kikarudi palepale. Hasira zikampanda. Akainua panga juu kuliko ilivyohitajika, likateleza kwenye shina bichi na kushuka kwenye muundi wa shemeji.

Shemeji hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa boti, akautazama mguu wake uliofunguka, halafu akamtazama Ramani.

"Nilikuwa nalenga funjo," alisema Ramani.

"Nimeona lilivyokukimbia."

Ramani alivua shati, akalichana, akamfunga kwa nguvu mpaka damu ikapungua. Kitambaa kilikuwa kimeshalowa maji yale, na maji yale yalikuwa meusi, yananuka mayai viza. Wote wawili walijua kidonda kama hicho kikilala humo kitakuwa nini. Ni kutoka humo upesi, au kuupoteza mguu huo. Hesabu ndiyo hiyo, na haikuhitaji vidole.

Waliiacha boti mchana, jua likiwa limewaka. Ramani alichukua panga na mkuki wa mjomba, aliokuwa akiubeba kila safari kwa ajili ya kiboko. Shemeji alimshika bega. Walikwenda kwa kuchagua vishina vinene, na kila waliposahau, mguu ulizama mpaka pajani. Chini ya mkeka hapakuwa na uhai wa maana. Perege hakuna. Kamongo mmoja aliibua mdomo, akavuta pumzi, akarudi kwenye weusi wake.

"Huyo anaishije humu?" Ramani aliuliza, ili asiufikirie ulimi wake uliokauka.

"Anavuta hewa ya juu kama wewe. Samaki wa kuvuta hewa ya majini walishahama. Mafunjo yameziba jua, majani yanaozea chini, hewa imekwisha."

"Kwa hiyo ndiyo maana perege..."

"Mwaka gani mlianza kulalamika perege wameadimika?"

Ramani alihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa mara baada ya wawindaji kuja; jibu hakulipenda, akalimeza na mate ambayo hakuwa nayo.

Alikuwa na lingine la kumkera. "Tano nilihesabu. Nakuapia nilihesabu tano."

"Ulihesabu milango mitano iliyo wazi. Wa pili umezibwa kabisa, na mwingine baada yake. Niliona majani yamekaa mahali pa mlango. Nikadhani unajua, kwa vile hukuacha kuongea."

"Na hukusema?"

"Unaitwa Ramani, niseme nini?"

Walicheka kidogo, na kicheko kikawauma midomo iliyopasuka.

Kisha mkeka ukaisha ghafla. Mbele yao kulikuwa na mfereji, si mpana, lakini maji yake yalikuwa yanatembea. Jua lilifika chini. Visamaki vidogo vilitawanyika kivuli cha Ramani kilipoangukia maji. Pembeni mafunjo yalikuwa yamelazwa na kukanyagwa, matope yamesukumwa huku na huku kama kazi ya sululu, na juu ya shina moja kinyesi kibichi kilikuwa kimetapakaa kama kilichopigwa na feni.

Ramani alishika mkuki vizuri.

"Kunywa kwanza," alisema shemeji, akikunja upindo wa kitenge kuwa chujio.

"Haya ni maji ya kiboko."

"Ndiyo supu iliyopo leo."

Walikunywa. Ilikuwa na ladha ya majani na kitu kingine ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Kisha shemeji akakaa matopeni akipumua haraka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Ramani akaweka kiganja kwenye paji lake la uso. Lilikuwa la moto.

"Anapita hapa kila siku," shemeji alisema, macho kayafumba. "Kwenda malishoni, kurudi majini. Kwa uzito ule mafunjo hayapati nafasi ya kushikana. Kinyesi chake wanakula wadudu, wadudu wanaliwa na hao samaki. Milango yenu ilifunguliwa hivi hivi, Ramani. Nyinyi mlikuwa mnahesabu tu nyayo zao."

Ramani alimbeba mgongoni, akaingia kwenye mfereji mpaka kiunoni.

Walifika penye kichuguu, kisiwa kidogo cha mchwa kilichoinuka juu ya maji, na hapo mfereji uligawanyika matawi mawili. Tawi moja lilikuwa njia ya nchi kavu. Jingine, huenda lilikwenda kwenye dimbwi analolala mwenye njia. Yote mawili yamekanyagwa, yote mawili yanapinda na kupotelea kwenye kijani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ramani hakuwa na la kusema kuhusu upande wa kwenda.

"Tungoje," alisema shemeji. "Jioni atapita. Atakakoelekea ndiko kwenye majani ya kula, na majani ya kula yako nchi kavu."

"Apite hapa? Tukiwa hapa?"

"Una kwingine?"

Jua lilipolegea, walimsikia kabla ya kumwona. Maji yalihema. Kisha kichwa kikatokea kwenye tawi la kushoto, masikio yakizungushwa kutupa matone, na nyuma yake mtoto, mgongo unang'aa kama jiwe lililooshwa. Alikuwa anakuja moja kwa moja. Kichuguu kilikuwa kidogo, mfereji ulipita chini ya miguu yao. Ramani alipiga goti, akavuta mkuki nyuma. Mahali pa kuchoma, nyuma ya sikio, palikuwa panamjia karibu kama pameitwa. Alimwona mjomba. Alimwona mjomba waziwazi, na kofia yake.

Vidole vya moto vilimshika kifundo cha mkono.

"Ukimkosa tunakufa leo," shemeji alinong'ona. "Ukimpata tunakufa kesho. Nani mwingine anajua nchi kavu ilipo?"

Yule mama alisimama. Alikuwa amewanusa. Jicho lake dogo liliwatazama, na pua zikafunguka na kujifunga. Ramani alibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Mtoto akamgonga mama yake ubavuni, mara moja, mara ya pili, kama mtoto yeyote anayetaka chakula na hataki maelezo. Mama akasonga. Alipita karibu hivi kwamba wimbi lake lilimlowesha Ramani magoti. Akashika tawi la kulia, mtoto nyuma, na mafunjo yakapasuka mbele yake kwa mlio mnene, mpaka wakasikia miguu ikigonga udongo mgumu. Mbali kidogo tu.

Ramani aliuteremsha mkuki.

Hawakumfuata, mwenye mtoto hafuatwi nyuma. Walikaa kichuguuni usiku ule, mchwa wakidai kodi yao, shemeji akiweweseka kuhesabu wanyama ambao hawakuwepo. Alfajiri mama na mtoto walirudi, matumbo yamejaa, wakapita bila kuwajali na kushika tawi la kushoto kwenda kulala. Njia ya kulia ikabaki tupu. Ramani alimbeba shemeji mgongoni, akatembea ndani ya nyayo ambazo kila moja ilitosha kuogeshea mtoto mchanga.

Mafunjo yalikoma. Mbele yao kulikuwa na uwanja wa majani mafupi, yaliyokatwa sawasawa kama yamepitiwa na mkasi, na ng'ombe kadhaa wakila pale pale alipokula kiboko. Mchungaji, mama wa makamo mwenye fimbo begani, aliwatazama wakitoka majini: mwanamume bila shati, amejaa tope, kabeba mwanamke na mkuki.

"Umemwiba?" aliuliza.

"Nimempoteza," alisema Ramani, akamlaza shemeji kwenye majani.

Mkokoteni wa ng'ombe uliwafikisha zahanati. Daktari aliusafisha mguu, akaushona, akasema wangechelewa siku moja zaidi angekuwa anatafuta msumeno. Ramani alikaa nje kwenye benchi, damu ya shemeji imemkaukia mgongoni, hata mkewe alipofika akadhani aliyeumia ni yeye.

Kikao cha wenye boti kilifanyika shemeji alipoweza kutembelea gongo. Kilikaa kwenye chumba chao cha bati, maboya yananing'inia ukutani, harufu ya petroli haitoki hata madirisha yakifunguliwa. Shemeji alieleza alichokiona: mama mmoja na mtoto, alama za dume mmoja aliye mbali, na zaidi ya hapo kinamasi kinachojifunga. Waliobaki ni wachache kiasi kwamba hata wakiachwa itachukua miaka kuongezeka. Wakiguswa, basi.

"Shemeji yako amekulisha nini?" mwenyekiti alimgeukia Ramani. "Wewe ndiye ulipiga kelele kuliko wote wawindaji waitwe. Mnyama huyo alimuua mjomba wako."

"Alimuua. Na sijaja kumwombea msamaha. Ningemwona tena kesho, ningeogopa tena."

"Sasa?"

"Sasa nasema abaki."

Minong'ono ikazunguka. Mtu mmoja nyuma akauliza kama homa ilikuwa ya shemeji peke yake, wakacheka. Mwenyekiti akainua mkono.

"Milango si tatizo. Tuko wanaume wangapi hapa? Kila mmoja na panga lake, tunaifungua wenyewe kwa siku moja. Hatuhitaji mnyama atuchimbie njia."

Walipiga meza kumuunga mkono. Ramani alingoja mpaka meza zikanyamaza.

"Vizuri," alisema. "Boti yangu bado imo humo, injini nzima, tangi limejaa. Atakayeifikia kwa panga, ni yake. Anayeondoka leo anyooshe mkono."