Wimbo wa Wanaosubiri

Maji yalikuwa yamekatika katika nusu ya mji, na nusu hiyo yote ilionekana kuhamia katika ukumbi wa wateja wa kampuni ya maji. Wazee walijaza viti vya plastiki, kina mama walijipepea kwa fomu za malalamiko, na foleni ilijikunja hadi nje ya mlango wa kioo. Wakubwa walipoona mambo yamewazidi, waliwateremsha wapokea simu wote kutoka ghorofani waje kusaidia madirishani.

Miongoni mwao alikuwamo msichana ambaye wenzake walimwita Chapuchapu. Siku hiyo alivaa blauzi ya rangi ya machungwa na sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikanyooka kama rula. Jina lake hakupewa bure. Katika chumba cha simu hakuna aliyepokea upesi kuliko yeye, mteja alikuwa hajajiweka sawa, naye ameshauliza: "Habari za leo, nikusaidie nini?" Alijivunia wepesi huo kama wengine wanavyojivunia nywele zao.

Mteja aliyefika mbele yake sasa alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la jinzi na mkanda wenye bizimu kubwa kama sahani. Kofia yake ya ukingo mpana aliivua dirishani na kuishika kifuani kama mtu aliyeingia msibani.

"Shida yako ni nini, kaka?"

"Bomba halitoi hata jasho, dada."

"Namba yako ya simu?"

Akaanza kuitaja taratibu. Alipofika katikati, Chapuchapu aliacha kuandika, akamtazama, kisha akamalizia tarakimu zilizobaki yeye mwenyewe bila kukosea hata moja.

Mwanamume alirudi hatua moja nyuma. "Wewe ni mpokea simu au mpiga ramli?"

"Mimi ndiye unayenipigia kila siku, nikipokea unakata."

Mama mmoja kwenye foleni alikohoa. "Jamani, kama ni ndugu mliopoteana, kumbatianeni jioni. Sisi tunataka maji."

"Naomba radhi," mwanamume alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kuna mtu ninayemsumbua. Mimi sipigi ili niongee. Napiga ili nisubiri."

"Usubiri nini?"

"Wimbo."

Alieleza haraka, akiogopa yule mama. Yeye alikuwa mgonjwa wa nyimbo za kantri na nyimbo za kale za mashambani. Kabati lake halikuwa na nguo, lilikuwa na kaseti. Siku moja alipiga kuuliza habari za bomba, akaambiwa asubiri kwenye laini, na hapo akasikia gitaa na sauti ya mzee ambayo hajapata kuisikia mahali pengine popote.

"Una beti mbili tamu. Lakini wimbo wa namna hiyo utamu wake uko kwenye ubeti wa tatu. Na kila ubeti wa tatu unapokaribia, kuna mtu anapokea. Anapokea kama aliyekalia simu." Alimtazama vizuri. "Kumbe unayenikatia wimbo ni wewe."

"Kazi yangu ni kupokea."

"Najua. Sikulaumu. Ila ungepunguza mwendo kidogo."

Alichukua karatasi yake ya malalamiko, akavaa kofia, akaondoka. Chapuchapu aliinua macho kumwita mama aliyefuata, na wazo likamjia ambalo halikuwahi kumjia: yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia wimbo huo. Wapokea simu husikia wateja tu. Wimbo hupigiwa wanaosubiri.

Wazo hilo lilimfuata mpaka nyumbani, likakaa naye kama mgeni asiye na haraka. Juma lililofuata alichukua likizo ili amuuguze shangazi yake, aliyekuwa amemlea tangu utotoni na sasa alikuwa ametoka kupasuliwa jicho. Mchana mmoja wakiwa wamekaa sebuleni, Chapuchapu aliichukua simu ya shangazi na kuipigia kampuni.

Gitaa lilianza polepole, nyuzi zikidonolewa moja moja kama mtu achambuaye mchele. Kisha sauti ya mzee, kavu, isiyojipamba. Katika ubeti wa kwanza kijana anatoka nyumbani alfajiri, viatu ameshika mkononi ili asimwamshe mama yake. Katika ubeti wa pili yuko mji wa mbali. Anamtumia mama salamu kwamba hajambo, ilhali analala juu ya magunia. Gitaa likabadili mlio. Chapuchapu alijikuta ameinama mbele, pumzi ameizuia.

"Habari za leo, nikusaidie nini?" Mchana ule simu zilikuwa chache, na mwenzake mmoja alikuwa amepokea.

Chapuchapu akakata.

"Umemkatia nani?" shangazi aliuliza, jicho moja likiwa chini ya bandeji.

"Kampuni ya maji."

"Si ndiko unakofanya kazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Afadhali mimi, najua nilichopasuliwa. Wewe wamekupasua nini?"

Aliporudi kazini, rafiki yake wa meza ya jirani, ambaye alipokea simu kwa mwendo wa kinyonga, alimpokea kwa kicheko. "Mtu wako alipiga. Asubuhi moja simu zilikuwa nyingi, akasubiri mpaka nikamwonea huruma. Nilipopokea, akasema asante, akakata."

Kwa hiyo ameusikia, Chapuchapu aliwaza, na akashangaa kwamba jambo hilo lilimchoma. Kama ameupata ubeti wa tatu, atapiga tena kwa sababu gani? Lakini kabla ya chakula cha mchana namba ile ikajitokeza kwenye kioo.

"Usikate," Chapuchapu alisema kabla ya salamu. "Uliusikia ubeti wa tatu?"

Mwanamume alikohoa kidogo. "Haukufika," alijibu.

"Basi unadhani kinatokea nini?"

"Mama anakufa. Nyimbo hizi zina adabu zake. Ukisikia treni katika ubeti wa kwanza, kuna atakayelia. Ukisikia mbwa, mbwa huyo hana maisha. Ukisikia mama, toa leso mapema."

"Na mtu mzima na akili zake unapenda hayo?"

"Wa kwenye wimbo ameteseka kwa niaba yangu. Mimi nabaki na kazi ya kutengeneza meno."

"Meno?"

"Ya bandia. Njoo siku moja uyaone. Hayaumi."

Tangu siku hiyo mwanamume hakukata tena. Alipiga kila siku, akasubiri kama wateja wengine, na alipopokelewa walizungumza maneno machache, ya haraka, yaliyomtosha Chapuchapu mpaka kesho yake. Chapuchapu alimwita Kofia. Naye alipolijua jina lake la kazini alicheka, akasema ndilo jina pekee la utani alilowahi kusikia lenye ushahidi.

Jumamosi moja Chapuchapu alikwenda. Alivaa gauni la buluu lenye madoa meupe, akajitazama kwenye kioo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayekwenda kuona meno. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye harufu ya nta iliyoyeyuka. Juu ya rafu, taya za plasta zilipangwa safu kwa safu, zote zimekenua.

"Hawa wote wananicheka?"

"Hao ni wasikilizaji wangu. Hawajawahi kulalamika."

Kofia aliweka kaseti moja baada ya nyingine. Alifanya kazi huku akisikiliza, kisu kidogo cha chuma kikichonga nta, na kila wimbo ulipofika ubeti wa tatu mkono wake ulisimama hewani. Chapuchapu aliacha kusikiliza nyimbo, akaanza kuuangalia mkono. Alijiuliza mtu hupata nini pale anaposimama hivyo, na kama aliwahi kumsubiri binadamu kwa utulivu ule.

"Nimefikiria wimbo wetu," alisema. "Mama hafi."

"Ila?"

"Hakuwa amelala. Alimsikia mwanawe akitoka na viatu mkononi, akajifanya amelala ili asimwongezee uzito."

Kofia aliweka chombo mezani. Alivua kofia. Hakusema kitu kwa muda, na Chapuchapu, ambaye kimya cha watu humkera, hakutaka kimya kile kiishe.

Wakati wa kuagana Kofia alimwomba namba yake ya simu. "Unayo laini ya kampuni," alimjibu kwa madaha. "Subiri kama wenzako."

"Nimeshazoea."

Baada ya hapo kidole cha Chapuchapu kilianza kuwa kizito. Namba ile ilipojitokeza, alikiinua juu ya kitufe akakiacha hapo kidogo, labda leo ubeti ungefika. Msimamizi wao, mwanamke wa miwani mikubwa ambaye hakupitwa na kitu, alisimama nyuma ya kiti chake. "Chapuchapu, siku hizi unatambaa," alisema. "Najua pia ni kwa ajili ya nani. Nakuonya mara moja tu."

Kisha kampuni ikauondoa wimbo. Mahali pake yakawekwa matangazo: lipa kwa wakati, tunza mita yako. Namba ile haikujitokeza siku hiyo. Haikujitokeza juma zima.

"Mwenye wimbo kaufuata wimbo," rafiki wa meza ya jirani alisema, akijaribu kutania. Alipoona uso wa mwenzake alijuta.

Chapuchapu alirudia wepesi wake, akawa mwepesi kuliko zamani. Msimamizi akampongeza. Pongezi zile zilimpitia kama upepo kwenye chandarua. Kila jioni alijiuliza swali lile lile: je, alikuwa akisubiriwa yeye, au yeye alikuwa kikwazo tu kati ya mtu na ubeti wake?

Shangazi, ambaye bandeji ilikuwa imeshatolewa, alimwona vizuri kuliko alivyotaka kuonwa. "Yule wa kofia uliyekuwa ukinisimulia kapotelea wapi?"

"Wimbo umeondolewa, shangazi."

"Nimekuuliza habari za mtu, wewe unanijibu habari za wimbo. Namba yake unayo?"

"Ninayo kichwani."

"Kichwa hicho ni cha kufungia kilemba tu?"

"Sasa shangazi, mimi ndiye nimpigie?"

"Anayejua namba ndiye apige."

Hakupiga. Alikuwa na jambo moja la kujua kwanza. Kesho yake aliingia katika chumba cha mitambo, ambako fundi wa simu, mtu mnene mwenye upole mwingi, alikaa kati ya nyaya akitafuna karanga. Alimwomba amtafutie wimbo wa zamani wa kwenye laini. Fundi hakuuliza sababu. Aliutafuta, akaucheza mpaka mwisho.

Kijana alitoka na viatu mkononi. Alilala juu ya magunia. Gitaa likabadili mlio, Chapuchapu akashika ukingo wa meza, na kijana akatoka tena nyumbani alfajiri na viatu mkononi.

"Ubeti wa tatu uko wapi?"

"Haupo. Waliotuletea mtambo waliukata hapo, wimbo ukawa unajizungusha. Nani angesubiri mpaka ubeti wa tatu, dada? Si mnapokea nyinyi?"

Alitoka akasimama kwenye ngazi, ambako wafanyakazi walikuwa wakipanda na kushuka kwa ajili ya chakula cha mchana. Alitoa simu yake mwenyewe, si ya kampuni. Vidole viliijua njia.

"Karakana ya meno, habari."

"Ni mimi."

Mashine iliyokuwa ikivuma nyuma yake ilizimwa. "Namba hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ngoja niihifadhi kabla hujabadili nia."

"Kofia, mbona uliacha kupiga?"

"Nilipiga. Alipokea msimamizi wako. Alisema umeonywa kwa sababu ya mtu asiye na shida ya maji, na kama nakutakia mema nikuache ufanye kazi."

"Ungekuja getini."

"Nije nikuharibie kazi mbele ya macho yao? Nilijiambia, namba yangu anaijua kwa moyo. Akinitaka atapiga. Nikasubiri. Unajua kusubiri ndiyo fani yangu."

Chapuchapu aliketi kwenye ngazi, sketi nyeusi ikapata vumbi, asijali. Mtu mwepesi kuliko wote katika jengo lile alikuwa amemchelewesha mtu mmoja juma zima.

"Nina habari mbaya," alisema. "Ubeti wa tatu haupo. Nimeusikiliza wimbo wote."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa likizo. Mwenzako alichelewa kupokea. Wimbo ukaisha, nikamsikia kijana anaondoka tena na viatu vyake."

"Na ukaendelea kupiga."

"Nikaendelea."

"Uliniambia haukufika."

"Si kweli? Haukufika."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri kukatiwa."

Wafanyakazi wawili waliwaza ni kitu gani kinachomfanya mtu akae ngazini akitabasamu na ukuta. Wakamkwepa, wakapita.

"Nisikilize," Kofia alisema, na sauti yake ikawa kavu kidogo, kama ya yule mzee. "Mimi ni mtu wa meno ya bandia na kaseti kuukuu. Nyumbani kwangu gitaa huamka kabla ya jogoo. Watu katika nyimbo zangu hufa hovyo. Nauliza kama unaweza kuishi na hayo. Na mimi. Kwa ndoa, maana yangu."

Chapuchapu hakuwahi kumchelewesha mtu waziwazi mbele za watu. Alijiweka sawa, akasafisha koo, akatumia sauti yake ya kazini.

"Tafadhali subiri kwenye laini."

Kisha akaanza kuuimba wimbo kwa mdomo uliofumbwa, polepole, kama alivyousikia. Akamtoa kijana nyumbani na viatu mkononi. Akamfikisha mji wa mbali, akamlaza juu ya magunia. Upande wa pili hapakusikika hata pumzi. Alijua kuna mkono umesimama hewani. Alipofika pale gitaa linapobadili mlio, mahali ambapo siku zote alimkatia, akanyamaza.

"Asante kwa kusubiri," alisema. "Ndiyo."